Muhuri wa Nyama Hauioni Sindano

Ukisimama mbele ya bucha za Marikiti hapa Mombasa asubuhi ya Ijumaa, kabla jua halijawa kali, utasikia maswali matatu yakirudiwa. Nyama ya leo? Ng'ombe wa wapi? Kachinja nani? Mama aliyekuja kununua kilo mbili za pilau hafungui kibeti mpaka ajibiwe yote matatu, na mwenye bucha hakasiriki, kwa kuwa ajua asipojibu mteja atahamia meza ya pili. Ni desturi nzuri na ya zamani. Lakini kuna swali la nne ambalo sijapata kulisikia pale, nami mwenyewe sikuwa nikiliuliza mpaka mwaka juzi: ng'ombe huyu alidungwa sindano gani, na lini?

Mjomba wangu anafuga upande wa Samburu, Kinango. Ana ng'ombe kumi na mmoja, mwaka mzuri kumi na watatu, mwaka wa ukame hata sita. Mwaka juzi fahali wake mmoja alishikwa na homa, akaacha kula, masikio yakalegea. Mjomba akaenda duka la dawa za mifugo, akauziwa chupa ya oksitetrasaiklini, dawa ya antibiotiki, ile ya kukaa mwilini muda mrefu, akarudi akamdunga mwenyewe pajani kama alivyomwona babake akifanya. Hiyo ilikuwa Jumatatu. Alhamisi fahali akawa amesimama, anakula, macho yamechangamka. Jumamosi dalali akapita na pikipiki, na karo ya binamu yangu ilikuwa imefika. Fahali akauzwa.

Mjomba hakuficha kitu. Hakuna aliyemwuliza. Aliponihadithia alikuwa akiisifu dawa ile jinsi ilivyo na nguvu, na ni mimi niliyeiokota chupa tupu kando ya zizi nikasoma maandishi madogo ubavuni mwake: mnyama asichinjwe kwa chakula kabla ya siku 28 tangu sindano ya mwisho. Kwa hesabu ya safari za madalali, fahali yule alichinjwa siku ya saba au ya nane. Kuna nyumba hapa mjini iliyomla. Huenda ikawa yetu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiutazama ule muhuri wa wino ubavuni mwa nyama kwa jicho jingine. Sheria ya Udhibiti wa Nyama, Sura ya 356, imekuwapo tangu mwaka wa 1972, na imetulinda kuliko tunavyoishukuru. Mkaguzi machinjioni hapiti tu akitazama. Anapasua misuli ya mashavu kutafuta vifuko vya tegu, anapapasa mapafu, anakata ini kutafuta minyoo, anachunguza tezi asije akakuta dalili za kifua kikuu. Akiridhika ndipo anapopiga muhuri. Maana ya wino ule ni kwamba nyama hii nimeiona kwa macho yangu na kuishika kwa mikono yangu, na sikukuta ugonjwa. Ila macho na mikono haiwezi kuitambua oksitetrasaiklini. Haina rangi ndani ya nyama wala harufu, na moto wa jikoni si wa kutegemewa kuimaliza. Kinachoiona ni maabara, na hakuna kichinjio chetu kinachoweza kupeleka kipande cha kila ng'ombe maabara kikangoja majibu, huku nyama yenyewe ikining'inia katika joto la Mombasa.

Basi ushahidi wa pekee ni kumbukumbu ya yule aliyedunga. Asipoandika, ushahidi huo haupo popote.

Sisemi haya kuwatia watu hofu. Mlo mmoja wa nyama yenye mabaki ya dawa haumuui mtu mzima mwenye afya. Lakini wako watu ambao miili yao haivumilii penisilini, dawa nyingine wanayodungwa ng'ombe, na kwao hata kiasi kidogo kinaweza kuleta balaa. Na lipo jambo kubwa zaidi, la polepole: vijidudu vinavyokutana na dawa kidogo kidogo, leo katika nyama, kesho katika maziwa, hujifunza kuistahimili. Siku mtoto atakapolazwa na dawa ileile ikahitajika, inakuwa maji tu. Madaktari wameuita usugu wa dawa, na wamekuwa wakituonya kwa miaka. Tumezoea kudhani kwamba onyo hilo linamhusu mgonjwa asiyemaliza vidonge vyake. Linamhusu pia fahali wa mjomba wangu.

Si kwamba Wakenya hawajali nyama wanayokula. Julai 2019 runinga ilipofichua kwamba baadhi ya maduka makubwa yalikuwa yakitia kemikali nyama iliyochacha ili ionekane nyekundu, nchi nzima ilitikisika, na kwa majuma kadhaa watu walirudi kwa wauza nyama wa mtaani wanaowajua kwa jina. Hasira ile ilikuwa ya haki. Ila ilielekezwa mwisho wa mnyororo, kwenye friji na kaunta. Mwanzo wa mnyororo, zizini, hakuna aliyeangalia.

Na huko mwanzo, kusema kweli, karatasi zipo. Ng'ombe hatoki Kinango, Ganze wala Garsen kuja kuchinjwa bila makaratasi. Kuna barua ya chifu inayothibitisha kwamba mnyama ni wa anayemuuza, hakuibwa. Kuna kibali cha kusafirisha mifugo kinachotolewa na ofisi ya mifugo, chini ya Sheria ya Magonjwa ya Wanyama, kuonyesha kwamba alikotoka hakuna karantini ya ugonjwa wa midomo na miguu au mwingine wa kuambukiza. Karatasi ya kwanza yamlinda mwenye mali, ya pili yawalinda ng'ombe wengine. Anayemlinda mlaji ni mkaguzi peke yake, mwisho wa safari, na kisu chake. Mahali pa kuandika mstari mmoja, kwamba huyu hakudungwa dawa yoyote ndani ya siku kadhaa zilizopita, pangeweza kupatikana kwenye karatasi hizohizo. Sijapata kuona pametengwa.

Wamarekani walifika kwenye jambo hili kupitia hasara. Wafugaji wao wa ng'ombe wa nyama walikuwa wakidunga pajani kama mjomba, kwa sababu paja ni pana na mkono hufika kwa urahisi. Lakini paja ndilo litoalo nyama ya thamani, na sindano huacha kovu ndani yake. Wakati mwingine uvimbe wenye usaha ambao mkata nyama hauoni mpaka kisu kimepita. Watafiti walipopima wakakuta kwamba hata nyama inayoonekana safi inakuwa ngumu hadi sentimita 7 na zaidi kutoka kwenye kovu. Mwaka wa 1991 wenye sekta walifanya ukaguzi wa kwanza wa kitaifa wa ubora wa nyama, wakayaona makosa yao kwa hesabu. Mpango wao wa mafunzo, unaojulikana kwa herufi BQA (Beef Quality Assurance, yaani uhakikisho wa ubora wa nyama ya ng'ombe), ukashika kasi. Kanuni zake zinaingia kwenye kiganja: dunga shingoni, wala si pajani; pale lebo inaporuhusu, dunga chini ya ngozi badala ya kwenye msuli; usizidishe mililita 10 mahali pamoja; andika.

Matokeo yake hayakuchukua kizazi. Katika vipande vya nyama ya kiunoni vilivyochunguzwa viwandani mwaka wa 1995, zaidi ya 10 katika kila 100 vilikuwa na makovu ya sindano. Kufikia mwaka wa 2000 vilibaki kama 2. Hakuna polisi aliyetumwa mazizini. Watu walifundishwa, wakapewa cheti kinachodumu miaka mitatu, na wanunuzi wakaanza kukiulizia cheti hicho.

Najua jibu litakalonijia: hao ni Wamarekani, wana mashamba makubwa kama kaunti nzima. Wapo wa namna hiyo. Lakini wastani wa ng'ombe mama wa nyama kwa mfugaji mmoja huko haufikii 50, na wengi wana pungufu mno ya hapo, wakifuga huku wakifanya kazi nyingine mjini. Cheti chao kiliwafaa wadogo kwa sababu hakikuwataka wajenge kitu. Kiliwataka wajue jambo na waliandike. Ninaposikia mikutanoni kwamba uthibitisho wa ubora ni wa wenye ranchi za Taita na si wa mwenye ng'ombe kumi, nahisi tumelipindua jambo. Mwenye ranchi ana meneja, ana daktari wa mifugo kwenye simu, na mnunuzi tayari anamwamini. Anayehitaji karatasi ya kumsemea ni yule asiyejulikana.

Na kwetu Pwani hatuhitaji kwenda Marekani kuiazima fikra ya kumngoja mnyama asafike. Tunayo ndani ya fikihi yetu. Wanazuoni wa Kishafii, ambao ndio tunaowafuata wengi hapa, wamezungumza tangu zamani juu ya mnyama jallala, yule aliyezoea kula najisi mpaka nyama yake ikabadilika. Hukumu yake ni kuzuiwa na kulishwa chakula safi kabla ya kuchinjwa, na wakataja siku: ngamia 40, ng'ombe 30, kondoo 7, kuku 3. Ng'ombe siku 30! Nilipoisoma lebo ya ile chupa zizini kwa mjomba, jambo la kwanza lililonijia ni hilo. Sidai kwamba dawa ni najisi. Dawa ni neema, ilimwinua fahali aliyekuwa anakufa. Nasema wazo ni lilelile, kwamba kinachoingia mwilini mwa mnyama kinakaa, kina muda wake wa kutoka, na mlaji ana haki ya muda huo kuheshimiwa. Tumeshika sana neno halali, na tukafanya vyema. Lenzake, twayyib, yaani kilicho kizuri na safi, tumeliacha mlangoni. Shekhe anayesimama machinjioni kuhakikisha kisu na bismillahi angeweza, kwa uzito uleule, kuuliza siku za dawa.

Turudi zizini, maana hapo ndipo penye mambo.

Nilimnunulia mjomba daftari la kurasa 96, lile lisilofika shilingi mia. Tukalipiga mistari pamoja chini ya mkwaju: tarehe, ng'ombe yupi, alikuwa na nini, dawa gani, namba iliyo kwenye chupa, kiasi, amedungwa wapi, na nani, na mwisho kabisa safu niliyoipiga kwa kalamu nyekundu: asiuzwe kabla ya. Mjomba ndiye aliyechagua jina la safu hiyo. Mimi nilikuwa nimeandika muda wa kusubiri, akaniambia hayo ni maneno ya ofisini. Kuhusu ng'ombe yupi, hatukuhitaji hereni za plastiki kwa kuanzia. Kila ng'ombe wake ana jina, kwa rangi na pembe na tabia, na hakuna hata siku moja amepata kuwachanganya. Hereni itafaa siku ng'ombe akiondoka, kwani jina analolijua mjomba peke yake haliwezi kusafiri hadi soko la mifugo la Mariakani. Binamu yangu wa darasa la saba ndiye mwandishi. Mjomba anasema, yeye anaandika.

Nilifikiri ninampelekea daftari la dawa. Yeye akaligeuza kuwa daftari la kila kitu, na hapo ndipo nilipojifunza mimi. Fahali aliyefuata alimnunua kwa shilingi 34,000 na kumuuza baada ya miezi kumi na moja kwa 55,000. Zamani angesema amepata 21,000, na angelisema hivyo kwa furaha. Safari hii daftari lilikuwa na majibu yake: sehemu ya mshahara wa mchungaji 6,600, majani makavu ya kununua wakati wa kiangazi 4,500, dawa ya kupe 2,750, sindano na dawa ya minyoo 1,900, chumvi 1,100. Jumla 16,850. Faida ya miezi kumi na moja ni shilingi 4,150. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza swali ambalo hakuwahi kuliuliza katika miaka thelathini ya kufuga: na huyu ng'ombe jike mwekundu, mara ya mwisho amezaa lini? Hakuna aliyekumbuka kwa hakika. Kwa kukisia siku ya harusi ya jirani tulipata miezi ishirini na sita. Amekuwa akila, akiogeshwa na kuchungwa miaka miwili bila ndama. Akauzwa yeye kwanza, kabla ya fahali mwingine yeyote.

Hapo ndipo naziona programu nyingi za ubora zikikosea njia. Zinamwendea mfugaji na cheti mkononi, zikimwambia aweke kumbukumbu ili akipate. Mfugaji anaona kazi ya mtu mwingine. Daftari likianza kama lake mwenyewe, la kujua nani anamla na nani anamlisha, safu ya dawa inakuwa safu moja tu kati ya nyingi, na haimwelemei. Sisi watu wa Pwani si wageni wa daftari. Hakuna duka la mtaani lisilo na daftari la madeni chini ya kaunta, na Waislamu tumeamrishwa kuliandika deni lenye muda. Dawa iliyo mwilini mwa ng'ombe ni deni lenye muda. Mfugaji anadaiwa siku 28, na mdai ni mlaji asiyemjua.

Kuna faida nyingine ambayo ingemvuta mfugaji yeyote. Futi ya fundi cherehani yaweza kumpima ng'ombe. Zungusha kifuani nyuma ya miguu ya mbele, upate mzunguko kwa sentimita. Pima urefu kutoka bega hadi mfupa wa tako. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, kisha kwa urefu, ugawe kwa 10,840; unapata makadirio ya kilo. Fahali wa mjomba alikuwa na mzunguko wa 150 na urefu wa 125, sawa na kama kilo 260 akiwa hai, na kwa ng'ombe wetu nusu hivi ndiyo hubaki kuwa nyama mifupani. Dalali alikuwa amemkadiria kilo mia na kumi za nyama kwa kumtazama tu. Kilo ishirini hazisameheki kwa bei yoyote ya bucha. Mjomba alimwonyesha hesabu. Bei ikapanda. Haikupanda kwa kilo zote ishirini, lakini ilipanda.

Pingamizi zipo na nyingine ni nzito. Kwamba wafugaji wengi hawakusoma, hilo nalipa uzito mdogo. Watu haohao tangu 2007 wanatuma na kupokea pesa kwa simu, na anayeshindwa kusoma ujumbe humpa mjukuu amsomee. Pingamizi zito ni la kukosa imani na serikali. Serikali ilipotangaza mwishoni mwa 2024 kwamba itachanja ng'ombe milioni 22 na mbuzi na kondoo milioni 50, uvumi ulienea haraka kuliko maelezo, na wafugaji wengi wakaapa kwamba hakuna atakayegusa mifugo yao. Chanjo ile ilihusu ugonjwa wa midomo na miguu na ule wa mbuzi na kondoo, magonjwa ambayo kila mfugaji anayachukia. Bado watu walikataa, kwa kuwa walisikia amri kabla ya kusikia sababu. Mfugaji anayeombwa leo aandike idadi ya ng'ombe wake atajiuliza kesho idadi hiyo itasomwa na nani. Atafikiria kodi, atafikiria wezi. Woga huo una historia, na daftari linalokaa nyumbani kwake, ambalo yeye ndiye anayeamua nani alione, ni jibu bora kuliko hotuba.

Pingamizi la pili ni gharama, na hapo nchi nyingine za Afrika zina somo. Botswana, ambayo imeuza nyama Ulaya kwa miongo mingi, ilianza mwaka wa 2001 kuwamezesha ng'ombe kidonge chenye chipu kinachokaa tumboni, baadaye ikahamia kwenye hereni. Mzigo mkubwa wa kazi hiyo ulibebwa na serikali, kwa sababu soko la nje lilikuwa la nchi nzima. Tanzania ina sheria ya utambuzi na ufuatiliaji wa mifugo tangu 2010, na mabishano makali ya hereni huko yamekuwa juu ya nani alipe. Mfugaji mdogo akilipishwa hereni, mafunzo, cheti na nauli ya mkaguzi, atakaa nje, na nyama yake itapita mlango wa nyuma kama zamani, kwa bei ya chini zaidi. Hapo cheti kitakuwa kimemfukuza mtu ambaye kilidai kumsaidia.

Ndiyo maana napendelea cheti cha kikundi. Wafugaji ishirini wa kijiji kimoja wanaojuana, wanaokutana kwenye josho moja, wapewe mafunzo ya siku moja na afisa wa mifugo, wakaguliane madaftari, na wadhamini kwa pamoja. Mmoja akidanganya, wote wanapoteza. Vyama vyetu vya kuweka na kukopa vimeendeshwa kwa aibu ya namna hiyo miaka mingi, na aibu hiyo imelinda pesa za watu wasio na dhamana yoyote. Cheti cha mtu mmoja mmoja kutoka ofisi ya mbali kina hatari ambayo sote tunaijua: kitauzwa. Kitakuwa karatasi ya kununuliwa pamoja na chai ya anayekitoa, na siku mlaji akigundua, hata cheti cha mkweli kitakuwa hakina thamani.

Sasa Mombasa inahusikaje, mji usio na malisho? Inahusika kuliko wote. Kaunti hii ina watu 1,208,333 kwa sensa ya 2019 na karibu kila kilo ya nyama ya ng'ombe wanayokula imetoka nje ya mipaka yake: Kwale, Kilifi, Taita Taveta, Tana River na mbali zaidi. Afisa wa Mombasa hana mamlaka ndani ya zizi la Kinango. Lakini mji una mlango, na anayeshika mlango ndiye anayeweza kuuliza. Kaunti sita za Pwani tayari zina jumuiya yao, na kukubaliana fomu moja ya mstari mmoja wa dawa, itakayobebwa pamoja na kibali cha kusafirisha, si jambo la kusubiri bajeti ya mabilioni. Maabara ya uchunguzi wa magonjwa ya mifugo iko Mariakani, njiani kabisa mwa ng'ombe wanaokuja. Haina haja ya kupima kila mmoja. Ikipima wachache kwa kushtukiza, na anayekutwa amedanganya kikundi chake kikaitwa, mstari ule utaandikwa kwa uangalifu.

Hata bandari yetu ina hoja humu. Homa ya Bonde la Ufa ilipozuka 1997 na 1998, kisha tena 2006 na 2007, masoko ya Ghuba yaliwafungia mlango mifugo wa Pembe ya Afrika. Mnunuzi wa ng'ambo asipoweza kutenganisha ng'ombe wa eneo lenye ugonjwa na wa eneo safi, huwakataa wote. Rekodi ndiyo inayotenganisha.

Lakini lipo jambo moja ambalo fomu haitalitatua, na nalisema kwa sababu nimeliona. Miezi michache iliyopita ng'ombe mwingine wa mjomba aliugua, akadungwa, safari hii shingoni, na binamu yangu akaandika kwenye safu nyekundu: asiuzwe kabla ya tarehe 19. Dalali alikuja tarehe 11 na shilingi 52,000 mfukoni. Mjomba akamwambia arudi baada ya tarehe hiyo, akamfungulia daftari, akamwonyesha. Dalali alilitazama, akasema hajakataa, akaenda. Alirudi tarehe 23. Soko lilikuwa limeshuka kwa kuwa mvua zilichelewa na watu wengi walikuwa wanauza, akatoa 50,000. Mjomba alilipa shilingi elfu mbili, na majani ya siku kumi na mbili juu yake, kwa ajili ya afya ya watu wa mjini ambao hawatamjua kamwe.

Elfu mbili hizo si haki zitoke kwake. Hoteli za Nyali na Diani zinazoandika kwenye menyu kwamba nyama yao ni bora zingeweza kuzitoa, zikinunua kutoka kwa vikundi vyenye madaftari na kuongeza kidogo juu ya kila kilo. Kampuni ya serikali ya nyama, yenye kiwanda chake Kibarani, ingeweza kuweka bei mbili waziwazi, ya ng'ombe mwenye rekodi na ya asiye nayo. Nasi tunaosimama mbele ya bucha tungeweza kuanza kuuliza, kwa kuwa mwenye bucha hamwulizi dalali jambo ambalo yeye mwenyewe haulizwi.

Ijumaa iliyopita niliuliza. Mwenye bucha ninayenunua kwake, mzee mwenye heshima zake, alijibu yale matatu bila kuinua kichwa. Nilipofika la nne aliweka kisu chini. Akasema hajapata kuulizwa hilo tangu aanze kuuza nyama, na kwamba ni swali la maana. Akachukua simu akampigia dalali wake mbele yangu, akaweka sauti ya nje. Dalali akasema ng'ombe alimnunua Mariakani, kutoka kwa dalali mwingine.